Baruti Isiyolia

Tangu migodi ianze kutumia baruti isiyolia, king'ora kimefutwa kisheria. Mwamba unapasuliwa kimya kimya, na watu hawaambiwi tena watoke nje. Mimi bado nashusha sahani kabatini kila adhuhuri, saa ya kulipua, zisianguke, kama mama alivyonizoesha enzi za mshindo.

Mume wangu Masalu ni mlipuaji pale mgodini. Huwa ananicheka.

"Unahangaika bure, Mama Kwandu. Shimo liko ng'ambo ya barabara. Huku kwetu hatugusi."

"Na nyufa hizi?"

"Nyumba imezeeka."

Imezeeka vipi? Tumehamia mwaka jana ikiwa mpya, rangi bado inanukia.

Jumapili hawalipui, ndivyo anavyosema yeye mwenyewe. Kwa hiyo leo niliziacha sahani kabatini, nikakaa sebuleni kupepeta mchele. Masalu akatazama saa. Akainuka, akambeba Kwandu aliyekuwa amelala kando ya ukuta, akamlaza katikati ya chumba. Kisha akafungua kabati, akaanza kushusha sahani moja moja, bila kunitazama.

"Baba Kwandu, leo si Jumapili?"

Akashusha sahani nyingine. Nikaweka ungo sakafuni, na mchele ukaanza kuruka wenyewe.