Nywele za Uzi

"Unapima mtoto au unapima nywele?" alifoka Mama Siwema.

Mgawa dawa za kichocho hakujali. Kibao cha fimbo yake ya kupimia urefu kilikuwa kimekalia nywele za Siwema, zilizofungwa uzi zikasimama wima utosini.

"Fimbo imesema vidonge viwili, mama."

"Viwili kapewa kaka yake, ambaye humbeba huyu mgongoni! Unataka anizimikie hapa?"

"Foleni ndefu. Ameze au aondoke."

Mama Siwema alinyakua mezani mkasi wa kukatia pakiti za dawa, akazikata nywele zote za utosini. Zikaangukia viatu vya yule bwana.

"Haya, pima tena."

Siwema akajipapasa kichwa. Vidonge viwili vilikuwa bado kwenye kiganja cha mgawa dawa.