Veneranda Asishtuke

Sosthenes aliosha udongo wa makaburini viatuni mwake kwenye bomba la nje ya hospitali, akajifuta uso, ndipo akaingia wodini akitabasamu.

"Ng'ombe amezaa salama?" mkewe, Veneranda, alimuuliza.

"Salama, mama Samwel. Ndama jike."

Hakukuwa na ndama. Huko kijijini kwao, Igowole, alikuwa amemzika Samwel, mtoto wao wa pekee. Lori lilimgonga akiwa kwenye bodaboda, akiwahi basi la Mbeya aje amtolee mama yake damu.

Angesemaje? Daktari alikuwa amemweleza waziwazi. Kuta za mishipa ya damu ya Veneranda zilikuwa zimevimba kwa ndani miaka mingi, kimyakimya. Zile homa na uchovu walizodhani ni malaria ndizo zilikuwa mwanzo wake. Sasa mshipa mkubwa wa tumboni ulikuwa umelegea na kutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka.

"Tunautuliza uvimbe kwa dawa, kisha tunampasua," daktari alisema. "Mpaka hapo asishtuke; naye nimemwonya. Presha ikiruka, mshipa utapasuka, na hatutamuwahi."

Basi Sosthenes akaficha. Simu ya mkewe aliizima, akasema imeharibika. Washarika wa Mwanjelwa, hapo Mbeya mjini, walipokuja kumwombea mgonjwa, aliwazuia mlangoni. "Nawasihi kwa jina la Yesu, msimpe pole ya msiba." Yeye alilia chooni, ameuma mkono wa koti.

Jambo moja lilimshangaza: Veneranda hakumuulizia tena Samwel. Sosthenes akamshukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa kushukuru. Mkewe alilala chali, macho darini, akivuta pumzi polepole kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni.

"Kula, baba Samwel," alisema tu. "Unakwisha."

Siku ya upasuaji Sosthenes alikaa sakafuni, kwenye korido, hana hata sala iliyobaki. Daktari alipotoka akasema mshipa umetengenezwa na umeshika, Sosthenes aliinama akagusa sakafu kwa paji la uso.

Veneranda alipopata nguvu, daktari akamwita Sosthenes pembeni. "Hatari imepita. Sasa mwambie."

Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Mama Samwel… Samwel wetu…"

Veneranda akamvuta kichwa, akakilaza begani pake.

"Najua, mume wangu. Nilijua tangu siku ile uliporudi bila yeye," alisema, na sasa tu machozi yakaanza kumtiririka. "Ningelia, ungezika wawili."