Dua ya Mtoto wa Tatu

"Msituonyeshe jini," mwalimu wa darasa la jioni aliwaambia watu wazima aliowafundisha kutunga hadithi za kutisha. "Tuonyesheni jambo la kila siku lililopinda kidogo."

Bi Mwanasiti akasimama, akasoma. Mama mmoja huwaombea wanawe kila baada ya swala. Yule wa tatu, aliyepotea, humwombea arudi. Leo ulimi wake umesema, "Mungu amrehemu," kama waombewavyo wafu.

"Sasa hapo pepo yuko wapi, bibi?" Shekuwe mwashi akatania. "Mimi nitalala fofofo!"

"Nyamaza wewe," mwalimu akamkemea. "Malizia, mama. Akaomba upya?"

Bi Mwanasiti alishusha karatasi, akajaribu kusema dua yake mwenyewe ya kila siku, "Haruni wangu arudi." Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Wenzake wakangoja, kalamu mikononi.