Mtoki wa Hamadi

Kwanza Siwema aliona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ukipanda mkono wa mumewe, Hamadi, kutoka kwenye kidole alichojichoma kwa sindano ya magunia. Asubuhi uliishia kwenye kifundo cha mkono. Sasa ulikuwa umefika kiwikoni.

Mama mkwe hakuutazama. Alikuwa akiukanda kwa chumvi ya moto mtoki uliovimba kwapani.

“Ugonjwa wote umejikusanya hapa,” alisema. “Tukiutumbua, kwisha. Mkwe wangu, lete wembe.”

“Polepole, mama,” Hamadi alitania. “Mimi si kuku wa sikukuu.” Lakini meno yake yaligongana kwa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma.

Siwema aliuleta wembe, lakini hakumkabidhi. Alikumbuka maneno ya muuguzi siku ya chanjo: tezi kama ya kwapani huvimba kwa sababu imemkamata adui na inapambana naye.

“Umekuwa sanamu? Lete!”

Tangu aolewe, alikuwa hajamjibu mama mkwe ila kwa “ndiyo, mama.” Uzi mwekundu ulikuwa umekivuka kiwiko. Siwema aliuficha wembe mgongoni.

“Hapana, mama,” alisema. “Huo mtoki ndio unaompigania.”