Marehemu Mwenye Kidole Kinachocheza

"Kitabu hicho nimekila mpaka jalada," Spika aliwatambia wenzake darasani kuhusu riwaya waliyopewa kusoma. Ukweli ni kwamba aliishia kusoma pale mama wa kwenye riwaya anapoanguka sakafuni.

Basi waigizaji wageni waliokuja kuigiza riwaya hiyo walipoomba mwanafunzi wa kuigiza mtoto wa yule mama, na atakayepatia ndiye atakayecheza siku ya wazazi, nani mwingine angepanda jukwaani?

Mama akaanguka. Spika akapiga magoti, akavuta shuka la kitandani, akamfunika mpaka usoni, kisha akaangua kilio cha msiba mzima.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Akazidisha kilio, na kicheko nacho kikazidi. Akaitazama zipu yake, imefungwa. Sasa wanacheka nini, na mwenzao amefiwa?

Kidole gumba cha marehemu, kilichobaki nje ya shuka, kikacheza. Spika akakifunika nacho, akaendelea kuomboleza.

"Mdogo wangu," sauti ikanong'ona chini ya shuka, "mimi nimezimia tu. Ukurasa unaofuata naamka, nakuzaba kofi. Kitabu umekisoma, au nikuulize baada ya kofi?"

Shuka likaanza kuinuka.