Shikamoo ya Nyamizi

Jirani yao, Mama Shija, aliapa kwamba zahanati imepima chembe hai za mwili wa mama yake Nyamizi na kuzikuta changa kuliko za bintiye. Kisukari kimetulia, uvimbe wa mwilini umepoa, na dawa yenyewe ni mlenda, kunde na ugali wa dona! Na siku hizi sheria huhesabu umri kwa chembe: mwenye changa ndiye anayeamkia.

Mama akaingia akicheza, kapu la mchicha kichwani.

"Dada Nyamizi! Endelea na maandazi yako!"

Nyamizi akacheka hadi machozi, kisha akapiga goti kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama."

Bangili ya sheria mkononi mwa mama ikawaka nyekundu, kumkataza kuitikia marahaba.

"Mama, niitikie. Leo tu."