Mzinga wa Chesang

Kwa watu wa kabila la binti Chesang, mtoto akitimiza miaka tisa huchongewa mzinga wake wa nyuki, na ukoo mzima humsindikiza msituni akautundike mwenyewe. Mwaka huu msitu ulizungushiwa uzio, wakaambiwa wasahau. Hawakusahau. Siku ya Chesang ilipofika walikatiza sokoni wakiimba, wajomba wamebeba mzinga uliopakwa nta, bibi yake mbele, mpaka kwenye lango la msitu.

Askari alisimama chini ya kibao. "Mama, humu hamuingii. Soma pale."

"Nimeshasoma, mwanangu. Hatuingii." Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Panda."

Chesang alivua viatu, akaukwea mlingoti wa kibao kama alivyofundishwa kukwea mti, kamba ikining'inia kiunoni. Wajomba wakamwinulia mzinga, naye akaufunga juu ya yale maandishi ya marufuku, akakaza fundo kwa meno.

"Wewe binti, toa hicho kitu ushuke."

"Panda ukitoe mwenyewe, afande." Chesang alimjibu kutoka juu.

Askari akaushika mlingoti. Hapo nyuki mmoja akavuka uzio kutoka msituni, akauzunguka mzinga, akatua mlangoni. Akaja wa pili. Askari akauachia mlingoti polepole, akarudi nyuma.

Chini bibi akaanza tena wimbo. Chesang hakushuka. Kutoka kule juu aliuona msitu wote, na juu ya vilele vya miti kiwingu cheusi cha nyuki kilikuwa kinakuja upande wake.